Siku Kumi na Tisa za Mama Katiba

Shangazi yangu ni fundi wa kushona matanga ya mashua. Cherehani yake imejaza nusu ya sebule, na ukimtembelea unakaa juu ya turubai, maana hakuna kiti kisicho na turubai. Lakini watu hawamwiti fundi. Wanamwita Mama Katiba, kwa sababu ya Chama cha Maofisa wa Klabu za Mashua, ambacho kanuni zake anazijua kuliko anavyoujua umri wangu.

Kanuni iliyompa jina hilo ni ya tatu: mwanachama awe amewahi kuwa ofisa wa klabu kwa miaka miwili kamili, isipungue hata siku. Yeye alikuwa ofisa wa mashindano, akipuliza honi mashua zianze. Alipoingia chamani walihesabu mihula yake miwili ya mwaka mmoja mmoja, basi, bila kuangalia tarehe. Tangu hapo, miaka kumi na saba, maombi ya wengine anayapima yeye, tarehe kwa tarehe. Mimi, mwandishi wa mikutano ya chama, nilimwona ana roho ngumu.

Mwaka huu wakaamua awe mwenyekiti. Mpinzani hakuna. Kiti kile hakijawahi kukaliwa na mtu wa kazi za mikono, na shangazi, asiyependa makuu, alijishonea gauni jipya. Alikitaka mno, na wala hakuficha.

Asubuhi ya uchaguzi nikampelekea daftari la klabu yake ya zamani ili ninakili tarehe za wasifu wake. Tukasoma pamoja. Kumbe mwaka wake wa mwisho uchaguzi wa klabu uliwahishwa, kwa kuwa paa la ukumbi lilikuwa linabomolewa. Shangazi akahesabu kwa vidole, akarudia. Miaka miwili kasoro siku kumi na tisa.

"Shangazi, lifunge hilo daftari," nikasema. "Nani atajua?"

"Si tumeshajua wawili?"

"Mimi simwambii mtu."

"Wewe? Wewe ukijua jambo saa nne, saa tano mtaa mzima unalo." Akacheka, kisha akaurudia ukurasa. "Yule daktari wa meno aliyeomba uanachama nilimkatalia kwa kupungukiwa siku sita, mwanangu. Sita! Alitoka analia."

Tulikuta watu wameshajaa ukumbini. Kabla karatasi za kura hazijagawiwa, akasimama akausoma ukurasa ule kwa sauti ileile anayosomea maombi ya wenzake. Nahodha mmoja akaruka juu.

"Mama, tuifute hiyo kanuni sasa hivi, yaishe!"

Wakapiga meza kumuunga mkono. Shangazi akangoja watulie.

"Kubadili kanuni kunataka notisi ya siku thelathini," akasema. "Na mimi siwezi kuunga mkono wala kupinga. Si mwanachama."

Akavua beji, akaiweka mezani. Nimeona watu wengi wakidai haki yao kwa makelele, lakini sikuwahi kuona mtu akijinyima kwa utulivu ule, tena kitu alichokitamani. Watu wazima, wenye mashua za bei ya nyumba, wakasimama bila kuambiwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani tuliogopa.

Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa viti vya nyuma. Akaona kalamu yangu haisogei.

"Andika," akaniambia.

Nikalikata jina lake kwenye orodha ya wanachama waliohudhuria, nikaliandika chini, kwa wageni.