Nguo ya Kukimbilia ya Mama Clemens

Mimi ni fundi cherehani, na sioni haya kusema kwamba ni fundi mzuri. Nimeshona suti za maharusi, majoho ya kwaya, na suruali za maofisa waliodhani cherehani hushona yenyewe, mimi nakaa pale kuisindikiza. Lakini mtu akiniuliza ni kazi gani ninayojivunia kuliko zote, simtajii suti. Namtajia sketi ya gunia la unga niliyomshonea mwanamke mmoja aitwaye Hilaria, mwaka wa themanini na mbili. Na ingawa inaniuma kidogo kukiri, sehemu kubwa ya akili iliyoingia katika sketi ile haikuwa yangu.

Jina langu ni Ambilikile, kwetu Tukuyu. Nilifika Sumbawanga na cherehani moja, nikakuta mafundi wamejaa mjini na vitambaa hamna. Nikahamia kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mollo. Huko nako vitambaa havikuwepo, ila fundi nilikuwa peke yangu. Nguo ikiletwa kwenye duka la kijiji ilipigiwa kura: kaya chache zinapata, nyingine zinarudi nyumbani zikinung'unika. Kazi yangu kubwa ikawa viraka. Kuna suruali nilizozishonea viraka mpaka mwenyewe nikasahau kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi.

Hilaria alikuwa mteja wangu wa viraka. Kijiji kizima tulimwita Mama Clemens, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wanne, miguu mirefu na maneno machache. Aliishi na mumewe Urbano, mtu mpole sana, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Kristiana, ambaye upole aliuacha wote kwa mwanawe.

Mwezi wa tano mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tadei, aliita mkutano. Alisema kila kijiji kimetakiwa kupeleka mwanamke mmoja kwenye mbio za Saba Saba, kutoka Mollo hadi uwanjani mjini. Nani atakwenda? Wanawake wakatazama chini, wanaume wakatazama wake zao. Ndipo mkono wa Mama Clemens ukanyanyuka, na watu wakaangua kicheko.

"Mama Clemens," Mzee Tadei akasema huku akijizuia kucheka, "umewahi kukimbia wewe?"

"Nimekimbia maisha yangu yote, Mzee. Ila kila mara nakuwa nimebeba kitu. Mtoto, kuni, ndoo ya maji mvua inanyesha. Nataka kujua nikiwa mikono mitupu nitakimbiaje."

Kicheko kikaisha. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na nilisikia kitu kikinigusa kifuani ambacho sikukitegemea kwenye mkutano wa kijiji.

Bibi Kristiana akasimama. "Mimi sikatai kukimbia," alisema. "Nakataa mapaja. Nimewaona kwenye gazeti hao wanaokimbia, wamevaa vibukta. Mke wa mwanangu hatapita mjini mapaja nje."

Wazee wakatikisa vichwa kumkubalia. Kamati ikaamua hivi: Mama Clemens atakimbia, lakini nguo yake ikaguliwe kwanza mwisho wa mwezi wa sita. Ikionekana haifai, kijiji hakitapeleka mtu. Kwa hiyo yote yakabaki kwenye nguo, na nguo ndiyo kitu ambacho kijiji kizima hakikuwa nacho.

Jumatatu asubuhi akaja kwangu. Nilimwambia asihangaike, amefika kwa mwenyewe. Mwezi wa sita Ufipa si mchezo, upepo unapita katika nyanda zile ukikutafuta wewe tu, na watu tunashinda na makoti mpaka jua liwe kali. Nikawaza kifundi: mkimbiaji ni lazima alindwe na baridi. Nikachukua koti la kaki la Urbano, lile la mtumba, kafa ulaya, alilopewa misheni, nikalifumua na kulishona sketi ndefu iliyopita magoti, ndani nikaitia bitana ya blanketi. Ilikuwa sketi safi. Ungeweza kuisimamisha chini ikasimama yenyewe.

Kesho yake alfajiri akaenda kuijaribu. Alirudi anatembea, jasho linamtiririka usoni na papo hapo anatetemeka, kwa maana upepo ulikuwa umelikuta lile jasho.

"Fundi," alisema, "hii si nguo. Umenijengea nyumba. Nimeingia, sasa natokaje?"

Nilikasirika. Siku mbili nzima sikumsalimia vizuri. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi langu, akaniambia kwa upole kama anayemfundisha mtoto.

"Sisi tukienda kulima matuta, fundi, asubuhi tunaondoka na makoti. Tukifika shambani, koti linawekwa pembeni kwanza, ndipo jembe linashikwa. Baridi unaisikia kidogo, halafu kazi yenyewe inakupa joto. Ukimwona mtu analima na koti, huyo ni mgeni."

Mgeni alikuwa mimi, nilielewa.

"Basi na hii ya kukimbilia iwe hivyo hivyo," akaendelea. "Nikisimama niisikie baridi. Nikisikia joto kabla sijaanza, ujue nguo imezidi."

Toka siku hiyo nilianza kumsikiliza. Tulikata vipande vitatu, kimoja cha kaki, kimoja cha kitenge, kimoja cha gunia la unga lililokuwa limefunika cherehani yangu. Akavilowanisha vyote, akavianika kwenye kamba, akakaa kuvitazama. Gunia lilikauka la kwanza, tena kwa mbali. Kitenge kikafuata, na kaki ilikuwa bado inadondosha maji. Miaka kumi na saba nilikuwa nimeshika vitambaa kila siku, na sikuwahi kufikiri kuvishindanisha.

Akaenda mjini kwa mwoka mikate, akarudi na magunia mawili meupe aliyoyabadilisha kwa maharage. Tukayachemsha kwa sabuni ya mche. Yakalainika vizuri, ila maandishi ya uzito yalikataa kutoka. Na mimi, kwa haraka zangu, nikakata bila kuangalia. Sketi ilipokwisha, ile KILO 50 ikawa imekaa nyuma, katikati kabisa ya makalio. Niliomba radhi. Mama Clemens akaigeuza, akaitazama, akacheka mpaka akashika mlango.

"Iache," akasema. "Wanaonifuata wajue wanafuata nini."

Viatu navyo vilileta hadithi yake. Urbano alipata raba kwa mfanyabiashara mmoja wa Kasanga, raba zilizovuka ziwa kutoka Kongo. Zilikuwa nzuri kwa macho, lakini zilishonwa kwa ajili ya mwanaume mkubwa. Mama Clemens akajaza pamba mbele, akakimbia nazo mara mbili, akapata malengelenge visiginoni. Akamrudishia mumewe. "Miguu yangu naijua," alisema, na hakuzungumzia viatu tena. Kifua chake alikifunga mwenyewe kwa kipande cha khanga kuukuu, mambo ambayo hayakunihusu. Blauzi yake ya kukimbilia niliipunguza mikono. Na aliporudi siku moja anatembea miguu mbalimbali akaniambia, "Mshono wako unanila, fundi," niliufumua bila ubishi nikauhamishia nje, upande laini ukakaa kwenye ngozi.

Likabaki tatizo moja, na hilo lilininyima usingizi. Sketi ikiwa nyembamba, hatua hazifunguki. Ikiwa pana, upepo wa Ufipa unaipandisha mpaka kiunoni, na hapo Bibi Kristiana atakuwa ameshinda. Nilijaribu kuipa uzito kwenye pindo. Nilijaribu marinda. Zikiwa zimebaki siku nne wazee wakague, nilimwambia mambo yamenishinda.

Mama Clemens akasimama ameivaa ile sketi pana juu ya kigauni chake, akainama, akakamata pindo la nyuma, akalipitisha katikati ya miguu, akalivuta mbele na kulichomeka kiunoni. Akapiga winda. Palepale sketi ikawa kama suruali pana iliyoishia chini ya magoti. Akaruka juu, akachuchumaa, akatupa mguu mbele kama anavuka mfereji. Hakuna kilichoonekana, hakuna kilichobana.

"Hivi ndivyo tunavyofunga khanga tukilima matuta," alisema. "Sijui kwa nini sikukumbuka mapema."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Kisha ufundi ukanipanda kichwani. Nikamwambia mambo ya kuchomeka ni ya shambani, hapa ni kwa fundi, tutaweka kifungo. Nilikuwa na kifungo kimoja kikubwa cha shaba kilichong'oka kwenye koti la ofisa. Nikakishona mbele kiunoni, kikang'aa, na nikajiona nimeimaliza kazi yote mimi.

Siku ya kukaguliwa wazee watano walikaa ofisini kwa Mzee Tadei, nami nikasimama mlangoni na futi yangu shingoni. Mama Clemens akaingia, akatembea, akatoka nje akakimbia kuzunguka ofisi mara mbili na upepo unavuma. Sketi haikupanda. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema ni suruali hiyo, na wanawake hawavai suruali.

Mwishowe Mzee Tadei akasema, "Mama yangu alituvunia ulezi amefunga hivyohivyo, na mama yako wewe pia, nilikuwa namwona. Nikisema ni aibu, nitakuwa namsema nani?"

Nguo ikapita. Bibi Kristiana, naye alikuwa amekuja kuona, akamzunguka mkwe wake mara moja, akagusa kile kifungo changu kwa kidole.

"Hiki cha nini?" akauliza.

"Cha kushikilia, bibi," nikajibu kwa kiburi.

Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Saba Saba ilikuja na upepo wake. Mimi nilidandia lori mapema nikashuka karibu na mjini, pale barabara inapoteremka kwenye daraja dogo kabla ya kuelekea uwanjani. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili wamejikunyata ndani ya makoti. Upande wa pili wa barabara nikamwona Bibi Kristiana. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona ndugu yake mgonjwa.

Wakimbiaji wakatokea juu ya mteremko. Mbele kulikuwa na msichana mmoja wa mjini aliyezoea mbio, amevaa bukta. Nyuma yake, wa pili, namwambia kila mtu, wa pili, alikuwa Mama Clemens. Anakimbia pekupeku, kichwa kimetulia, hatua ndefu zimefunguka, na gunia langu jeupe linameta kwa jua. Watu waliokuwa wamepitwa juu kule walikuwa wameshasoma maandishi, kelele zikashuka naye: "Kilo hamsini hiyo! Kilo hamsini inapita!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Alipofika karibu na daraja, niliona kwa macho yangu kifungo cha shaba kikiruka. Kilianguka barabarani, kikabingirika hadi kwenye majani. Winda likafunguka, upepo ukaikamata sketi. Akaidaka kwa mikono miwili na kuibana mapajani. Hakusimama, lakini hatua zikakatika, zikawa fupi kama za mtu aliyebeba ndoo. Wa tatu akampita. Wa nne akampita. Nilijiona sina thamani hata ya uzi. Mwanamke huyu aliomba kitu kimoja tu, akimbie mikono mitupu, na kwa kiburi changu nilikuwa nimemrudishia mzigo mikononi.

Ndipo Bibi Kristiana akavua koti lake, akalitupa chini, akaingia barabarani. Hakukimbia, bibi yule alikuwa amepita sabini. Alisimama tu njiani kwa Mama Clemens, na alipomfikia akainama kwa wepesi uliotushangaza wote. Akashika pindo la nyuma, akalipitisha, akalivuta, akalisokota mara moja na kulichomeka kiunoni kwa kidole gumba. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kazi aliyoifanya kila msimu wa kilimo kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Achia," akamwambia. Mama Clemens alikuwa bado ameng'ang'ania. "Achia mikono, mwanangu. Hiyo haitoki. Kimbia mikono mitupu."

Akaachia.

Yaliyofuata nayasema kwa kuambiwa, maana macho yangu hayakuona vizuri. Mmoja wa wale wawili Mama Clemens alimpata kwenye mwinuko baada ya daraja, akampita. Mwingine alimfukuza mpaka getini bila kumfikia. Akaingia uwanjani wa tatu, kati ya wanawake kumi na tisa, mikono iko wazi pembeni, na winda liko palepale.

Kifungo nilikiokota. Kipo kwenye droo ya cherehani mpaka leo, na sijawahi kukishona kwenye nguo nyingine. Mwaka uliofuata nilishona sketi sita za namna ile kwa wanawake wa vijiji vyetu, zote bila kifungo, na kila mmoja nilimpeleka kwanza kwa Bibi Kristiana akafundishwe kuchomeka.

Lakini siku ile pale darajani nililiokota pia koti la bibi, nikalikung'uta vumbi, nikavuka kumpelekea. Alikuwa bado amesimama katikati ya barabara anatazama kule uwanjani, upepo unampiga, hajali. Watu wa mjini wakawa wanaulizana yule wa gunia ni nani, katokea wapi.

Bibi Kristiana akawageukia. Alisema kwa sauti ileile ya mkutanoni, kila mtu amsikie.

"Yule ni mke wa mwanangu."