Mkeka Mwembamba wa Bibi Zaina

Ukindu uliolowekwa una harufu yake peke yake. Si ya majani, si ya matope. Iko kama shamba lililonyeshewa jana na kuanikwa jua leo. Juma lililopita mama mmoja aliniletea dukani mzigo wa ukindu uliofungwa kwa kanga iliyolowa, akautua juu ya meza, na mimi, mtu mzima mwenye duka lake, nikageukia rafu nikajifanya napangusa vumbi.

Duka langu liko Korogwe mjini. Nauza vitu vya kale na kazi za mikono: kandili, pasi za mkaa, redio za mbao, masanduku ya bati ya waliokuwa manamba wa mashamba ya mkonge, vigoda, vibuyu, vikapu na mikeka. Nililianzisha mwenyewe niliporudi kutoka Dar es Salaam, bila mjomba wa kunishika mkono wala mume wa kuniwekea mtaji. Nina stashahada ya biashara. Walikuwepo waliosema mtoto wa Kabuku asiye na baba wala mama wa karibu hataishika karatasi hiyo. Nawasalimu popote walipo. Sisemi hivi kwa kujigamba. Au, basi, nasema kwa kujigamba kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisemea.

Kazi yenyewe ni ya ukiwa. Watu huingia, hugusa, hupiga picha, husema "babu alikuwa nayo hii," kisha hutoka. Zipo siku ambazo mazungumzo yangu yote ni na fundi wa saa wa jirani, naye husikia kwa sikio moja. Lakini sijawahi kuiacha, kwa sababu sikuanza juzi. Niliuza kitu cha kale nikiwa na umri wa miaka tisa, pembeni mwa barabara kuu pale Kabuku, na kitu chenyewe hakikuwa changu.

Mama alinipeleka kwa bibi, mzaa mama, nikiwa darasa la pili. Alisema anakwenda kutafuta kazi na angerudi baada ya mfungo. Hakusema mfungo upi. Bibi Zaina alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyopasuka kwa kusuka, na alikuwa akinitania kwa kuniita "mke mwenzangu". Kuku aliwasemesha kwa Kizigua, mimi kwa Kiswahili, na kwa kuwa kuku walikuwa wengi kuliko mimi, Kizigua ndicho kilichosikika zaidi pale nyumbani.

Alisuka ukili, ule mshipi mrefu wa ukindu, kisha akaushona ukawa mkeka. Mikeka ya rangi tuliitundika kwenye kamba karibu na barabara. Baada ya shule nilikaa pale kwenye benchi. Mabasi ya kutoka Arusha na Tanga yalipita kwa kishindo, mikeka ikapeperuka kama inataka kuyafuata, nyuso zikanitazama kwa kufumba na kufumbua, kisha barabara ikanyamaza. Nilikuwa nalipungia mkono kila basi. Nilijiambia kwamba katika mojawapo mama yupo upande wa pili, ule usioonekana.

Siku moja bibi akiwa shambani, gari dogo lilisimama likitoa moshi mbele. Bwana mmoja akateremka akafunua boneti, na mkewe, mama wa mjini mwenye miwani kubwa, akanijia.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Bibi kaenda shamba. Mikeka nauza mimi."

Akaishika moja baada ya nyingine kwa vidole viwili. "Hii mipya tumeiona njia nzima. Huna kitu cha zamani, mwanangu?"

Hakuna aliyekuwa ameniita mwanangu tangu mama aondoke. Nilikimbia nyumbani kama naitwa. Juu ya uchaga wa jikoni, nyuma ya mafungu ya mahindi, palikuwa na mkeka uliokunjwa ambao bibi hakuwa akiutandika kamwe. Haukuwa na rangi yoyote isipokuwa ile uliyopewa na moshi, rangi ya chai ya maziwa. Niliona umesahaulika. Nikaupeleka.

Yule mama akaukunjua, akaunusa, macho yakamng'aa. "Huu ndio! Lakini mbona mwembamba hivi?"

Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. "Ni wa harusi," nikasema. "Bibi alitandikiwa siku alipoolewa. Ulifanywa mwembamba ili bwana na bibi harusi wasiweze kulala mbalimbali."

Bwana akacheka huku kichwa kimo ndani ya boneti. "Chukua mke wangu, chukua! Labda utanisaidia na mimi."

Walipoondoka nilikuwa nimevimba kwa furaha. Niliwauzia watu wa Dar, tena kwa maneno yangu mwenyewe. Nilimkimbilia bibi njiani, nikamsimulia hata kabla hajatua jembe. Aliingia jikoni, akatazama uchaga, akatoka.

"Uliwaambia ni mkeka wa nini?"

"Wa harusi yako."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Zaina mie! Nimeolewa tena na uzee huu!" Kisha akaenda nyuma ya nyumba kunawa miguu, na akakaa huko muda mrefu kuliko ambao miguu miwili inahitaji.

Ni Mama Shabani, jirani yetu, aliyenifungua macho kesho yake kisimani, mbele ya wanawake wote. "We Mwajuma! Kweli umeuza mkeka wa bibi yako wa kaburini?"

Alinieleza huku akijaza ndoo. Mkeka ule hutandazwa kaburini, juu ya mbao zinazomfunika maiti, ili udongo usipenye. Ndiyo maana ulikuwa mwembamba: ulipimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Akaongeza maneno mengine ambayo sikuyasikia vizuri, kwa sababu wanawake walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nawaza yule mama wa miwani ameutundika wapi. Sebuleni, bila shaka. Wageni wakiingia anawaeleza habari za bwana na bibi harusi.

Nilirudi na ndoo nusu, maji mengine yakiwa yamenimwagikia. Lakini kabla sijafika nyumbani, hofu ilikuwa imegeuka. Nilifikiri hivi: kama hakuna mkeka, bibi hawezi kuzikwa. Na kama hawezi kuzikwa, hawezi kufa. Nilikuwa nimefanya jambo la maana bila kujua. Kwa sababu bibi akifa, nani angebaki nami katika nyumba ile? Kuku?

Basi mnaweza kuwaza nilivyoshtuka, baada ya siku chache, nilipomkuta barazani anasuka ukili mweupe, usio na rangi hata moja. Hakuniambia ni wa kazi gani. Nilijua. Kila jioni mshipi ulirefuka, akaupima kwa kunyoosha mikono, akauviringisha na kuuweka kapuni chini ya kitanda.

Kila Jumamosi alipita mama wa Mkata aliyenunua ukili kwa pima ili ashone vikapu vya kupeleka mjini. Jumamosi ile nilimsubiri barabarani na furushi zima la ukili mweupe.

"Bibi kakutuma?" akauliza.

"Kanituma. Anasema huu ni laini, ukindu wake umechumwa na mwali." Nilikwisha kuonja utamu wa kutunga.

Nilichopata nilikiweka chini ya kibaba cha unga, mahali bibi alipokuwa akiweka akiba. Kesho yake hakikuwepo, na chai ilikuwa na sukari. Bibi akaanza ukili mwingine mweupe.

Tuliishi hivyo kwa miaka. Alisuka, nikauza; alisuka, nikauza. Nilipata ujanja wa kutouza wote, nikawa nakata kipande. Nilijiona mwerevu kupita wazee wote wa Kabuku. Kila nilipomwona anapima ukili kwa mikono yake, akasita, akaupima tena, nilitazama pembeni, lakini alisema tu, "Mke mwenzangu, uzee huu unapunguza hata mikono."

Nikafaulu kwenda sekondari ya bweni hapa Korogwe, msichana wa kwanza kutoka kitongoji chetu. Kila likizo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinama chini ya kitanda. Ukili ulikuwepo, haujashonwa. "Macho, mjukuu wangu," alisema. "Sindano siioni." Nilifarijika, nikarudi shule. Kisha nikaenda Dar es Salaam, nikauza karanga ili kujilipia chuo, na siku matokeo ya stashahada yalipotoka nilimpigia simu Mama Shabani, nikamwomba amfikishie bibi: nimefaulu, na nimefaulu vizuri. Nilisikia vigelegele. Nilikula chipsi peke yangu usiku ule kusherehekea, kwenye chumba changu cha kupanga.

Miezi miwili baadaye simu ikaja kwangu.

Nilifika Kabuku mazishi yakinisubiri. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani, na sakafuni mwa chumba cha bibi palitandikwa mkeka mwembamba, mweupe, uliomalizika isipokuwa upande mmoja. Mama Shabani akanivuta nikae. Akanieleza yale ambayo kisimani sikuyasikia. Kwa desturi ya kwao, mkeka huu husukwa na watu wako. Mwenye watu hausuki mwenyewe. Asiye na watu husuka wake, lakini pindo la mwisho huliacha wazi, alifunge mtu wa damu yake. Akikosekana, majirani watalifunga, na itasemwa kwamba amekwenda kama mpita njia.

Akanipa sindano. Nimeuza mikeka mingi kuliko wanawake wote waliokuwa mle chumbani, na sikujua kufunga pindo.

"Shika hivi. Usivute! Unashona mkeka, si gunia la mkaa."

Nje mzee mmoja akakohoa. "Jamani, jua linakwenda."

"Lingoje!" Mama Shabani akajibu. "Mjukuu anashona."

Akainama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi alijua. Alijua tangu furushi la kwanza. Vidole vyake havikuhitaji macho kujua kwamba pima tatu zimepungua. Mama Shabani alitaka nichapwe. Bibi akakataa. "Mwache auze," alisema. "Anadhani ananizuia kufa. Nami sina haraka, mtoto hana mtu mwingine, na bado hajasimama mwenyewe." Na siku ile nilipotuma habari za stashahada yangu, alipiga vigelegele na wenzake, kisha akaomba atungiwe uzi sindanoni.

Nilikuwa nimedhani mimi ndiye niliyemweka hai kwa ujanja wangu wa pembeni mwa barabara. Kumbe alikuwa anasuka kila jioni akijua utauzwa, ili nisiamke siku moja nikakuta sina cha kuuza na sina wa kumzuia asiende. Mama hakuwahi kurudi. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu mmoja tu duniani, ila yeye alilijua hilo, mimi nililijua nikiwa na sindano mkononi.

Pindo lilikwenda kombo, nene huku, jembamba kule. Nikaomba nifumue nianze upya. Mama Shabani akanipokonya sindano, akaukunja mkeka, akawapa wanaume mlangoni.

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Akiukuta umenyooka atasema umeununua."