Msandali wa aunty ulivyonichoma shingo, na karibu upakwe mtoto

Wakuu, habari zenu. Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi. Hata darasani nikijua jibu huwa naliandika pembeni ya kitabu, nangoja mwingine alitamke. Leo naandika kwa sababu shingo yangu bado inawasha. Sijaongeza chumvi, chumvi yenyewe ingeniwasha zaidi.

Ilianza Ijumaa saa kumi na moja na robo jioni. Nilikuwa nimetoka shule kwa half-term, nimefika nyumbani hapa Voi, sijavua hata soksi. Aunty Wakesho, mdogo wake mama, akaingia na kikapu cha vikopo.

Biashara mpya. Mwaka jana ilikuwa chai ya kupunguza tumbo, ambayo tumbo la aunty mwenyewe lilikataa kuisikia.

Safari hii ni mafuta ya kujipaka. Yameandikwa "Msandali Asili wa Sagalla", na picha ya mlima ambao ukiuangalia vizuri una theluji. Sagalla, wakuu, kilima hiki cha hapa Voi. Huko hata maji ya kunywa ni shida, theluji itoke wapi.

Harufu ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Nikajipaka shingo na mikono, halafu shingo nikarudia, kwa sababu Jumapili tulikuwa tunamtoa kanisani Mkawasi, mtoto wa dadangu Saru, miezi mitatu, na mimi ndiye niliyepewa kusoma neno. Mtu mwenye haya akinukia vizuri huona kama amejificha.

Kuamka Jumamosi, shingo imefura, nyekundu, vipele kama mtama. Ilikuwa imefura pale niliporudia kupaka tu, na mpaka wake unaonekana kama ramani.

Nikamwonyesha aunty. Akaangalia kwa furaha kabisa, akasema hiyo ni taka inatoka. Nikamuuliza taka gani na mimi naoga. Akasema ya ndani.

Mmeiona hiyo sayansi? Ukipona, dawa imefanya kazi. Ukivimba, dawa inafanya kazi. Hakuna siku dawa inashindwa. Mwalimu wangu wa chemistry angelia.

Mama naye akasimama na dada yake. Hoja yao nadhani utaisikia Taita Taveta pekee: msandali ni mti wa kwetu. Watu wanapanda milima yetu kuung'oa na mizizi, lori zinashikwa hapo Maungu zimejaa.

"Kitu kibaya huwa kinaibiwa?" aunty akaniuliza.

Nikaenda kuloweka kitambaa kwa maji baridi.

Ningenyamaza, kusema kweli. Shingo ni yangu, ingepona. Lakini mchana nikasikia mpango wa jioni. Akina mama wa kikundi cha kanisa wangekuja kusaidia mapishi, halafu wamwogeshe Mkawasi, na kila mmoja ampake yale mafuta kidogo huku akimbariki, ndio kesho anukie. Kila mama na kidogo chake. Mtoto wa miezi mitatu.

Saru hakutaka, niliona machoni. Ila amerudi nyumbani kuzalia, anakula kwa mama, na nguo za mtoto za kanisa amenunua aunty. Akaninong'oneza nifanye kitu. Mimi. Mtu ambaye huagiza chips kwa kunyoosha kidole.

Nikafikiria niwaeleze kwamba ngozi ya mtoto ni nyororo kuliko yangu. Nani angenisikiliza? Form three mwenye shingo ya jogoo.

Jioni wakaja. Kati yao alikuwa Mama Mwakio, ambaye mumewe ni naibu wa chifu. Beseni likawekwa sebuleni, mtoto akavuliwa. Aunty akafungua kopo na kuanza mahubiri: mizizi ya msandali, kutoka Sagalla, imesagwa kwa mkono, haina kemikali.

Hapo ndipo jibu la swali lake la asubuhi likanijia. Limechelewa, kama kawaida yangu.

"Aunty," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine, "kwani msandali siku hizi unaruhusiwa kukatwa?"

Kila mtu huku anajua mti huo ni marufuku. Wale wa lori hawakushikwa kwa kupiga honi.

Mama Mwakio akaacha kuchambua mchele. "Wakesho, huo mti uliutoa shamba la nani?"

Aunty akacheka peke yake, akasema ni kidogo tu. Mama Mwakio akamwambia hata walioshikwa walisema ni kidogo. Mama mwingine akachomekea kwamba selo ya polisi nayo hunukia, ila si msandali.

Basi aunty akabaki na njia mbili: awe mwizi wa miti au awe mwongo. Alichagua haraka.

"Jameni, hakuna mti humo. Hata jani hakuna. Ni ile harufu ya kutengenezwa, inauzwa Mombasa kwa chupa, ya watu wa sabuni. Mimi nachanganya na mafuta ya mgando."

Saru, ambaye tayari alikuwa amemfunika mtoto kwa leso, akauliza anaweka kiasi gani. Aunty akasema anamimina mpaka aisikie akiwa amesimama mlangoni.

Na kwa hili vumbi la Voi, wakuu, pua ya aunty imeziba mwaka mzima.

Mama Mwakio akamsukumia kopo, akamwambia basi ajipake yeye kwanza. Aunty akarudisha mikono. Ati ngozi yake ni sensitive.

Wamama walicheka mpaka vitunguu vikaungua jikoni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi harufu ya sandalwood ni sumu. Hiyo ya kutengenezwa iko kwa sabuni, shampoo na vitu vingi tunavyotumia kila siku, na wengi haiwafanyi kitu, kwa sababu kiasi kimepimwa na sabuni unaisuuza. Hata hivyo kuna ngozi huikataa, na yangu nadhani imeshajiandikisha. Shida ni kupima kwa pua iliyoziba, halafu chupa ya Mombasa uiite mlima.

Na neno "asili" lisiwadanganye. Upupu nao ni wa asili, unaota wenyewe, mbona hatumpaki mtoto. Ukiletewa mafuta mapya, jaribu tone moja ndani ya mkono, ungoje mpaka kesho.

Kama kuna mwingine aliwahi "kutolewa taka" hivi, aandike hapa chini nisiwe peke yangu. Wanaoamini hiyo ya taka pia karibuni, vikopo vimebaki vingi.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya wote. Nikapasha maji, nikamwogesha Mkawasi mwenyewe, nikampaka mafuta yake ya kawaida yasiyo na harufu. Akanukia mtoto.

Aunty akaingia na kitenge chake kipya, ametoka kupanga vikopo, akanyoosha mikono nimpe. Nikarudi nyuma.

"Nawa mikono kwanza, aunty."

Nilingoja kofi. Akanitazama usoni, akatazama shingo, akaenda bombani. Maji yalikuwa yamekatika. Nikampa Saru mtoto, nikachukua jagi, nikammiminia aunty mimi mwenyewe, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.