Fuwele Mgongoni Hadi Chini ya Mgodi

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya kelele. Sisemi ngoma za kanisa la jirani pale kwetu mtaa wa Kenya, hizo nimezizoea. Nasema chembe zinazotunyeshea kutoka angani mchana na usiku. Kila moja ikipita ndani ya fuwele yangu, fuwele inatoa cheche ya mwanga. Sisi wanafizikia tunawinda chembe za maada ya giza, maada isiyoonekana; hakuna aliyewahi kuzinasa. Katika fujo hiyo tutazitambuaje? Wenzetu wa ng'ambo walisema wazi: mkituonyesha kimya chini ya ardhi yenu, ambako miamba huzuia fujo hiyo, tutaleta chombo kikubwa cha kuzinasa kwenu. La sivyo, tunakwenda kwingine.

Alfajiri ya Julai, baridi kali. Fuwele hupasuka ikibadilishiwa joto ghafla, na tulikuwa na moja tu. Basi nikaifunga mgongoni kwa kikwembe kama mtoto, ipate joto la mwili wangu, nikavaa koti juu yake. Papa Ilunga, dereva wetu, alicheka mpaka akakohoa.

Tulipopita mtaa wa Annexe, polisi wa barabarani akachungulia dirishani.

“Mama, mutoto iko na myezi ngapi?”

“Haiko mutoto, chef. Ni kristali ya labo.”

“Ah! Funika yeye muzuri, baridi iko mingi!”

Kufika mgodini, Injinia Kazadi, mwenyeji wetu, alitushusha kwa lifti hadi chini kabisa, kwenye joto. Nikangoja fuwele izoee, nikaiweka ndani ya sanduku zito la madini ya risasi, nikalifunga, nikawasha mashine. Mungu wangu! Mistari ilirukaruka kwenye skrini kuliko hata mjini. Nilitaka kulia.

Nikafungua sanduku. Pembeni ya fuwele kulikuwa na jiwe la kijani, zuri ajabu.

“Papa Kazadi, hii ni nini?”

“Cadeau ya mugeni, zawadi yako! Niliitia wakati uligeuka kuchukua kifuniko, nilitaka uikute mwenyewe.”

“Papa, jiwe hii iko na urani! Njo yenyewe inapiga makelele!”

“Yo! Leta, leta!” Akalichukua, akakimbia nalo mpaka mwisho wa njia.

Nikafunga tena. Mstari ukalala. Cheche moja, kisha tukangoja, tukangoja. Nilipiga vigelegele peke yangu kule chini.

Jioni, nyumbani, mama akauliza: “Ulipata nini kule?”

“Karibu hakuna kitu, mama!”

“Sasa unacheka nini?”

Nikamshika mikono, tukacheza pale uani. Safari hii imenifundisha kwamba kuna kukosa kunakoshangiliwa. Wale wa ng'ambo watakuja kwetu, nikamwambia, kwa sababu ya kile ambacho sikukikuta.