Kiduha Shambani kwa Bibi

Juzi nilirudi kijijini kwetu Samuye na wanafunzi wangu wa sayansi ya mimea, tukakuta shamba la mtu limechanua maua ya zambarau katikati ya mtama. Wanafunzi wakatoa simu wapige picha. Mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi utotoni, niko peku, natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Enzi hizo nyumbani kwa bibi tulikula michembe iliyopikwa kwa karanga, na ugali wa mtama kwa maziwa mgando. Asubuhi kengele za ng'ombe zikilia, natumwa kuni kwenye ngitiri, eneo tulilolitenga kwa malisho ya kiangazi. Jirani yetu, mama mjane, ndiye aliyenifundisha kusonga ugali. "Kandamiza, mayu, usiubembeleze!" alisema huku akicheka, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri, lakini mtama wa bibi ukadumaa, ukageuka njano. Wa jirani, ng'ambo ya ua wa minyaa, ulistawi. Minong'ono ikaanza. Jirani alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia miaka yote, na kwetu macho hayo yalitosha mtu kuitwa mchawi. Bibi akanikataza kwenda kwake. Jioni moja baba mdogo akatamka waziwazi, "Huyu mama ndiye anatumaliza. Ahame, la sivyo tutamhamisha." Nilielewa alimaanisha kumuua.

Kesho yake nikamweleza mwalimu wetu wa sayansi, dada mgeni pale kijijini. Alikuja baada ya vipindi, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, bibi. Naomba jembe na beseni la maji."

"Marahaba. Unataka kulima saa hizi?"

Akachimba taratibu, akang'oa mtama pamoja na ua la zambarau lililoota kando yake, akaviosha. Kisha akamwambia bibi afuate mzizi wa ua kwa kidole. Bibi akaufuata, akakuta umejishika kwenye mzizi wa mtama.

"Linanyonya?" aliuliza.

"Linanyonya, bibi. Ni kiduha. Anayekumalizia mtama ni huyu."

"Mbona kwa jirani hakuna?" baba mdogo akadakia.

"Yeye hubadilisha mazao. Misimu iliyopita alipanda karanga na pamba, akatia samadi. Ninyi mmepanda mtama juu ya mtama."

Bibi alinyanyuka, akapenya kwenye ua mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Mwenzangu, nimekukosea." Jirani alilia kwanza, halafu akamkaribisha chakula. Baba mdogo naye alikabidhiwa kazi ya kung'oa kiduha shamba zima kabla hakijamwaga mbegu, na akaimaliza yote.

Leo bibi hayupo, mwalimu alihamishwa, na ngitiri imekatwa viwanja. Minyaa imepisha kuta za tofali. Vijana wengi wako machimboni Geita, na siwalaumu, ila hata mchimbaji anakula kilichotoka shambani. Mvua siku hizi hazitabiriki, wadudu wapya wanakuja, na pale mazao yanapokufa bila maelezo, bado kuna watu wanaotafuta wa kumlaumu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza pale shambani, "Mwalimu, kusoma mimea kunasaidia nini hasa?"

Nikamwambia juu ya jirani yetu. Alizeeka hadi akapoteza meno yote, akafa kitandani mwake, nyumbani kwake, bibi akiwa amemshika mkono.