Kijitabu Ambacho Mama Hakuweza Kukisoma

Mama yangu amekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha darasa la kwanza na la pili kusoma. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu hasira yangu yote imetoka hapo.

Yeye alikuwa akiishi kijijini, upande wa Songwa. Mimi nafundisha Masumbwe, na nilikuwa nakwenda kumwona kila likizo. Alipoambiwa ana kisukari, nilimuuliza kwa simu daktari amesemaje.

"Amenipa vidonge na karatasi. Nisile sukari."

Nikaridhika. Akaacha kutia sukari kwenye chai, basi. Michembe aliendelea kula, maana kwa akili zetu viazi vilivyokaushwa si sukari. Na kila nilipokwenda nilibeba kreti la soda, kwani mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Majirani nao walileta juisi za maboksi. Alikunywa zote, asije akaonekana ana dharau.

Kisha akachomwa na mwiba shambani, asisikie maumivu. Nilipofika, vidole vilikwisha kuwa vyeusi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa anaupaka mguu dawa ya kienyeji, anasema ni mkono wa mtu.

Nilifungua sanduku la mama kutafuta kadi ya kliniki ili nimpeleke hospitali, nikakuta ile aliyoiita karatasi. Kumbe ni kijitabu, Kiswahili chepesi, herufi kubwa. Nilikisoma kwenye benchi la hospitali, mama akiwa chumba cha upasuaji. Soda. Juisi. Viazi vitamu. Kiasi cha ugali, kimechorwa kwenye sahani. Kagua nyayo zako kila siku, hata kama haziumi. Usitembee peku. Mambo ambayo watoto wangu wa darasa la pili wangeyasoma bila kukwama.

Nikamfuata muuguzi wa kliniki ya kisukari.

"Mama yangu hajui kusoma. Mlimpa kitabu cha nini?"

"Kila mgonjwa anapewa, mwalimu. Tulimuuliza kama ameelewa, akasema ndiyo."

"Mlimuuliza kwa lugha gani? Mama ni Msukuma, Kiswahili anaitikia tu."

Akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mwanawe ulikuwa wapi?"

Nilimchukia siku ile, na hadi leo sijampenda.

Mama alipopata nafuu nilimuuliza kwa nini hakunionyesha kijitabu. "Ulikuwa unakuja siku mbili, unasahihisha madaftari. Nikasema nisikusumbue."

Nikamhamishia kwangu. Nilimsomea ukurasa kwa ukurasa, nikigeuza kila sentensi kwa Kisukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno yenyewe ndiyo haya? Ungenisomea nikiwa na miguu miwili." Akageukia ukutani.

Sasa naipima sahani yake, na yangu pia. Dukani nasimama nasoma maandishi madogo ya kwenye maboksi mpaka muuzaji ananuna. Shangazi alipokuja na soda nilimwamkia shikamoo, nikamwomba arudi nazo.

"Umesoma mpaka umekosa adabu," akaniambia. Aliondoka bila hata kunywa maji, na simu zangu hapokei.

Nilikwenda kliniki ya hapa nikaomba niwe nawasomea wazee kijitabu kile kwa Kisukuma siku ya kisukari. Wakaniambia niandike barua, lazima kiwepo kibali. Barua niliandika mwaka jana. Nikiulizia naambiwa iko mezani kwa mkubwa. Kwa hiyo nakaa nje ya geti, wazee wanaposhuka kwenye bodaboda, na nawasomea hapo hapo juani. Mlinzi amenifukuza mara mbili. Mara ya tatu bibi mmoja alimkatiza kwa ukali: "Mwache amalize, amefika kwenye miguu."