Ufunguo Ulikuwa Masasi

Mama yangu nilimpaka vumbi usoni kwa mikono yangu mwenyewe. Alikuwa amelazwa ndani juu ya mkeka. Maji kidogo tuliyokusanya yalikwisha kwenye kumsafisha, maana alikufa kwa kuhara. Ya kumwoshea hasa hayakuwepo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisemea nje ya mlango, "Fanyeni tayamamu, mama zangu. Jua linapanda, maiti hatangoja." Mama mkubwa, ambaye ndiye mwoshaji, akapiga viganja kwenye udongo safi, akanionyesha. Nami nikapiga. Nikampangusa mama uso, kisha mikono. Vumbi likamkaa kwenye nyusi na sikuwa na cha kulitolea.

Nje, hapo hapo, ng'ambo ya njia tu, lilisimama tangi la maji la kijiji. Jana yake tulilisikia likijazwa. Lakini bomba lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa Masasi, kiunoni mwa wakala anayeuza maji hayo, aliyekwenda kula harusi.

Mimi niliishia darasa la nne, sijui kuandika kwa mapambo. Naandika kwa sababu watu wanasema yamekwisha.

Miaka kadhaa kabla ya hapo sikuwepo Newala. Soko lilipoachiwa huria, wanunuzi wa korosho walikuja na mizani zao, salfa ya kupulizia mikorosho ikapanda bei, na shamba letu likaanza kufa kwa ugonjwa wa ubwiri. Mume wangu akasema, tuvuke Ruvuma. Tukavuka na chumvi, sabuni na vitenge, tukakaa kijiji kimoja upande wa Mueda, Msumbiji.

Watu wale sisi tuliwahi kuwacheka. Walipokuja kwetu wakati wa vita vya Mreno, tukiwa watoto, tulikuwa tunawafuata nyuma tukiwaigiza wanavyosema. Ni Wamakonde kama sisi, lakini wamelelewa na Mreno na bunduki. Nami sitawapamba. Wanaume wao wanaanza kunywa umande haujakauka. Askari wao mpakani alininyang'anya kitenge changu kizuri kuliko vyote, na wiki iliyofuata nikamwona kajifutia nacho jasho shingoni. Jirani yangu pale alikuwa mama mmoja mkali wa maneno. Kila akija kununua chumvi ananichokoza.

"Ninyi wa Tanzania, mtu akikupeni shikamoo mnaipima kwanza kwenye mizani ndipo mwitikie marahaba."

"Na ninyi," namjibu, "marahaba yenyewe mnaiomba mkopo."

Basi tunacheka mpaka chumvi inamwagika.

Siku moja mume wangu alikuwa akifyeka njia ya kwenda shambani, akakanyaga bomu la kutegwa lililobaki toka vitani. Mimi nilikuwa nyuma yake na jembe begani. Yeye alikufa pale pale. Mimi chuma kilinipata pajani, na kimo humo mpaka leo. Baridi ikija kinanikumbusha.

Alfajiri ya pili yake nimelala na kidonda changu, maiti chumba cha pili, nikasikia miguu nje. Si mtu mmoja. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka bondeni, kila mmoja na ndoo au mtungi kichwani. Anafika mlangoni, anamimina kwenye pipa, anageuka, anakwenda zake. Hakuna aliyebisha hodi. Pampu yao iliharibiwa na vita, maji wanayafuata chini kabisa kwenye mteremko, kama sisi zamani. Pipa likajaa, wakaanza kujaza masufuria.

Nikamuuliza yule jirani, "Hawa ni kina nani? Wengine siwajui."

Akaniambia, "Wao pia hawakujui. Wanajua kuna maiti."

Mume wangu, mgeni, mchuuzi wa sabuni, alioshwa mara tatu na maji yakabaki ya kupikia uji wachimba kaburi.

Nililia sana siku ile, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya kukumbuka kwetu. Maana desturi hiyo ni yetu pia. Nilipokuwa msichana, kukisikika kilio mwanamke hashiki kitu kingine ila ndoo. Anakwenda kwanza kuteka, pole baadaye. Mama yangu amepandisha maji ya misiba ya watu hata wa vijiji vya jirani, Waislamu kwa Wakristo.

Kidonda kilipofunga nikarudi nyumbani. Nikakuta tangi lina mwenyewe. Tangi lile! Wakati wa kujenga, wanakijiji walichimba mtaro, na mchanga wa msingi wake mama aliubeba kichwani. Wakaniambia ulifanyika mkutano. Mwenyekiti wa kijiji na diwani walisema serikali haina tena uwezo wa dizeli, tumpe mtu binafsi aendeshe. Wanaume wakanyoosha mikono. Wanawake walikuwa bondeni kuteka maji.

Hakuna aliyeuliza: na siku ya msiba, nani anafungua? Tulizoea kwamba maji ya maiti hayaulizwi, tukadhani na wakala wa kutoka Masasi amezaliwa akilijua hilo.

Mama alipokata roho, majirani walikuja. Ilikuwa kiangazi kikali, hata bondeni kumekauka, nyumbani kwa mtu unakuta jagi la kunywa watoto. Walikuja wameinamisha macho, mmoja na kopo, mwingine na mikono mitupu. Hao siwalaumu. Mjomba akashika shoka, akaenda kwenye tangi. Mwenyekiti akamwahi, nami nilikuwa nyuma yao.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Tunaomba tukate kufuli."

"Hiyo mali ya mtu. Ukikata, polisi Newala wananiuliza mimi."

Mjomba akasema, "Basi tupe ya nyumbani kwako. Una tangi la saruji, una bati la kukingia mvua."

"Limebaki tope."

"Tope hilo limefungwa kufuli la nini?"

Mwenyekiti akasimama mbele ya bomba. Mjomba ni mzee. Mwaka ule kijana mmoja alikata kufuli lile akalala mahabusu na kurudi amevunjwa jino. Shoka likashuka.

Wakala alirudi jioni, tumeshazika. Kijana mdogo, shati la harusi bado mwilini. "Poleni, mama. Mngetuma mtu Masasi, ningewaachia hata ndoo mbili."

Nilipolipeleka jambo hili kwenye mkutano, diwani alisema tusichanganye siasa na marehemu. Mwenyekiti akasema mama amekwishazikwa, tumwache apumzike. Mwalimu akasema tayamamu inatosha mbele ya Mungu. Naamini inatosha. Mungu sina kesi naye. Tayamamu ni ya mahali pasipo na maji, na sisi maji tulikuwa nayo.

Kesi yangu ni na watu watatu, na wote wapo hai. Wewe mwenyekiti uliyesimama mbele ya shoka. Wewe diwani uliyewanyoosha wanaume mikono. Wewe wakala uliyefunga ukaondoka. Njooni nyumbani kwetu, mkae mbele ya mjomba na mama mkubwa, mseme kwa vinywa vyenu ni nani kati yenu aliyemnyima mama yangu maji ya kuogea mara ya mwisho. Msitume mjumbe. Njooni wenyewe mjibu.